Watu Niliofanya Nao Kazi Leba

Ilikuwa kama saa tisa usiku. Mama wa kitanda cha dirishani kajifungua, mtoto katoka kimya, na waliowahi kufanya kazi leba wanaujua ule ukimya. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikatupa pembeni kanga iliyolowa, bado kimya. Nikanyoosha mkono bila kugeuza shingo na ambu, ule mpira wa kuminya unaosukuma hewa kwenye mapafu, ikawa imeshafika mkononi mwangu, na maski iliyochomekwa ni ile ndogo, saizi yake kabisa. Nikampa pumzi, kifua kikapanda. Nikaendelea hivyo hivyo, kinapanda kinashuka, mpaka akakunja uso na kutoa kilio cha hasira, mama yake naye akawa analia huku anacheka.

Hakuna aliyesema "nipe ambu".

Binti aliyeniwekea kile kifaa mkononi hana muda mrefu kwetu. Asubuhi tulipomaliza kukabidhi ripoti nikamuuliza nani kamfundisha kusimama upande ule na kuchomeka maski kabla mtoto hajatoka, akanijibu kawaida tu, "Nimemuona dada wa shifti ya mchana anafanya hivyo, kaka." Dada wa shifti ya mchana najua alikoitoa, maana tuliipata pamoja. Tuliipata kwa sista mmoja aliyestaafu siku nyingi, ambaye huyu binti hajawahi kumuona hata kwa picha.

Wiki zote hizi jambo hilo linanizunguka kichwani. Niko wodi moja, hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, tangu nikiwa kijana, na nikianza kuhesabu ninachokijua kwa mikono yangu naona karibu kila kitu kina mwenyewe. Majina siyaandiki. Wenyewe wakisoma watajijua.

Sista aliyekuwa hapokei ripoti

Wengine wakifika shifti wanaweka begi, wanavaa eproni, wanasalimia. Sista alikuwa anapitiliza moja kwa moja mpaka kwenye meza ya mtoto akiwa bado na mkoba begani. Anaichukua ambu, anabana maski kwenye kiganja chake, anaiminya asikie hewa inasukuma. Anaangalia maski zote mbili zipo, ile ya mtoto wa kawaida na ile ya njiti. Anaangalia kipira cha kufyonza, vitambaa vikavu, klempu, mkasi. Kikikosekana kimoja anakwambia, "Sipokei." Hapo umekesha usiku kucha, miguu imevimba, daladala ya kwanza ishapita, na yeye kasimama hapokei mpaka meza ikamilike.

Tulikuwa tunamnung'unikia sana, nasema ukweli.

Baadaye yakaja yale mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue, yaliyoanza hapa Tanzania mwaka 2009 kwenye hospitali 8. Matokeo yao yalipotangazwa 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Mafunzo yenyewe hayana mitambo mikubwa. Ni kukausha, kusugua, kusafisha njia ya hewa pale inapohitajika, na kumpa pumzi ndani ya ile dakika ya kwanza wanayoiita dakika ya dhahabu. Mafunzo yalipofika kwetu walikuja na mwanasesere wa kujazwa maji ili awe na uzito wa mtoto kweli, tukakaa ukumbini, mwalimu akasema kabla ya kila uzazi lazima ambu ikaguliwe, tena akaonyesha kubana maski kwenye kiganja.

Ukumbi mzima ukageuka nyuma kumtazama Sista.

Hakusema kitu. Aliinamisha kichwa akaandika kwenye daftari lake kama mtu anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Nina deni lingine kwake. Mkunga wa kiume miaka ile, tena huku kwetu, haikuwa rahisi. Wagonjwa walikuwa wananiita dokta kwa sababu tu mi mwanaume, na wakishajua ni mkunga wanashtuka, bibi wa mgonjwa anasimama mlangoni anasema mjukuu wake hazalishwi na mwanaume. Sista hakuwa anabishana nao na wala hakuwa ananificha. Alikuwa anamuendea mama mwenyewe, anainama karibu na sikio lake, anamuuliza, "Mwanangu, huyu ni mkunga kama mimi, nimemuona anavyofanya kazi, unaridhia akuhudumie?" Akisema hapana, Sista anavaa glavu mwenyewe bila neno. Akisema ndiyo, anakaa upande wa kichwani anamshika mkono mama, anamsemesha, na mgongo wake kanipa mimi kabisa, hanichungulii.

Ule mgongo aliokuwa ananipa ndo ulionifanya niamini kwamba naweza.

Na kumuuliza mama kwanza, kabla ya kumgusa, kabla ya kupima njia, hata kama watu wamejaa na hata kama ni usiku wa manane, mpaka leo nafanya. Wanafunzi wananiuliza kwanini napoteza muda. Nawaambia nimefundishwa hivyo.

Kanga ya tatu

Kulikuwa na mama mhudumu wa afya, wale ambao kwenye orodha ya zamu wanaandikwa chini kabisa. Kazi yake kuosha mipira ya vitanda, kubeba ndoo, kupeleka nguo chumba cha kufulia, kufuta damu. Mwili mdogo, sauti kubwa, akiingia wodini asubuhi "mwangaluka!", salamu ya Kisukuma, inafika hadi vitanda vya nyuma na akina mama wote wanaitikia.

Usiku mmoja tulikuwa wawili tu na vitanda vyote vina watu. Mama mmoja alikuwa kajifungua salama, kondo limetoka, sindano ya oksitosini ya kubana kizazi kapata, tumbo nilikuwa nimelishika liko gumu, nikahamia kwa mwingine aliyekuwa tayari anasukuma. Huyu mama mhudumu akaja nyuma yangu akasema taratibu, jambo ambalo kwake lilikuwa geni, "Baba, hii kanga ya tatu. Nzito."

Alikuwa kaikunja mkononi kaipima kama mtu anavyopima mzigo wa dagaa kabla hajatajiwa bei.

Yule mama aliyekuwa anasukuma nikamwachia mwenzangu, nikarudi mbio. Kizazi kilikuwa kimelegea, damu inatoka taratibu, hairuki wala haitishi, inatiririka tu na kupotelea kwenye nguo. Tukamkanda tumbo, tukamwekea dripu, dokta akaitwa, dereva akaamshwa kwa tahadhari. Mama yule alipona akaenda nyumbani na mwanae.

Nimekuja kuelewa uzito wa alichofanya miaka mingi baadaye. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ukahusisha wanawake zaidi ya laki mbili. Waliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo ili damu ionekane imefika wapi, badala ya mkunga kukisia kwa macho, na ikifika kiwango matibabu yote yanaanza kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe ndo lije lingine. Madhara makubwa ya kutokwa damu yakapungua kwa asilimia 60. Lakini kilichonikaba ni kingine. Kule walikoendelea kukisia kwa macho, karibu nusu ya akina mama waliovuja damu kupita kiasi hawakugundulika. Kwenye mfuko waligundulika 93 kati ya 100.

Nusu, jamani. Na hao wanaokisia ni watu wenye vyeti, mimi nikiwemo.

Yeye hakuwa na mfuko. Alikuwa na mkono uliobeba kanga zilizolowa kwa miaka, ukazoea uzito wa kawaida na ukajua uzito usio wa kawaida. Na alikuwa na ujasiri wa kumsemesha nesi katikati ya kazi, hilo nalo si dogo, maana kwenye hospitali zetu mhudumu akisema jambo la kitabibu kuna watu wanamuuliza "umesomea wapi?" Kwetu hakuulizwa hivyo, na aliyefanya asiulizwe ni Sista, ambaye kwenye ripoti ya asubuhi alikuwa anawauliza wahudumu nao, mmoja mmoja, "we umeona nini usiku?"

Sijui ni wodi ngapi nchi hii bado zinamuuliza mhudumu ameona nini.

Aliyeondoka 2017

Hapa ndo pananipa shida, na ndo sababu makala hii imechelewa.

Nilikuwa na mwenzangu, muuguzi, tulipanga wote nyumba moja tukiwa makapera. Mkono wake wa kutafuta mshipa wa mtoto mchanga sijauona tena. Mtoto kakauka maji, mishipa imejificha yote, watu tumejaribu tumeshindwa, yeye anakuja anakaa chini kwenye kigoda, anashika kile kimguu, anafumba macho kidogo, anapapasa kwa ncha ya kidole, halafu kanula, kile kibomba cha kupitishia dripu, inaingia mara moja. Alinifundisha. Alinishika kidole changu akakiweka juu ya mshipa akasema "usiutafute kwa macho, usikilize unavyorudi ukibonyeza". Kila mtoto ninayemuwekea kanula hadi leo nafanya kwa namna yake.

Mwishoni mwa Aprili 2017 ikatolewa ile orodha ya watumishi wenye vyeti vya kughushi, watu 9,932 nchi nzima, Rais Magufuli kakabidhiwa ripoti pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Kila mwenye ofisi ya umma anaikumbuka wiki ile. Majina yalikuwa yanasomwa kwenye simu, watu wanajificha chooni kusoma. Jina lake lilikuwepo. Cheti cha kidato cha nne alichoombea chuo kilikuwa cha mtu mwingine.

Hakuaga. Eproni yake ilibaki imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuna aliyejua aitoe nani.

Nimejiuliza sana kama mtu wa namna ile anastahili kushukuriwa hadharani. Upande mmoja nasema kulikuwa na kijana mahali fulani aliyefaulu kwa haki akakosa nafasi ya chuo kwa sababu nafasi ilikuwa imekaliwa. Na kwenye kazi yetu cheti kina maana, mama anayelala pale kitandani hana namna ya kujua nani kasoma kweli na nani hajasoma, anaamini tu. Upande mwingine nina watoto ninaoweza kuwataja kwa sura, sasa hivi wako sekondari, wapo kwa sababu kidole chake kilisikia mshipa. Nimejaribu kuziweka hizo mbili kwenye mzani mmoja, na kila nikipima napata jibu tofauti.

Nilipomwambia mke wangu akasema, "Kwani ukimshukuru utakuwa umemrudishia kazi?"

Hapana. Kazi aliondolewa kwa haki, na mi sidai arudishwe. Mwaka 2022 serikali iliamua hata wao warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii waliyokatwa kwenye mshahara, kwa sababu ile ilikuwa hela waliyoifanyia kazi. Nikaona basi. Kama taifa limeweza kumfukuza mtu kwa kosa lake na bado likamrudishia alichokatwa kwenye jasho lake, mi nashindwaje kusema kwamba kile alichoniachia kwenye kidole ninacho na ninakitumia?

Ninacho. Ninakitumia kila wiki.

Shukrani inayoziba tundu

Sasa kuna shaka nyingine, hii imenisumbua kuliko ya kwanza.

Takwimu za vifo vya uzazi nchi hii zimeshuka kwa namna ambayo sisi tulioanza zamani tusingeiamini. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulisema vifo 556 kwa kila vizazi hai laki moja, ule wa 2022 ukasema 104. Februari 2025 Rais Samia akapewa tuzo ya Goalkeepers na Taasisi ya Gates kwa ajili ya hiyo kazi, na mi nilifurahi, nilipiga makofi mbele ya tivii. Mama wa kijijini siku hizi akipata dharura ndugu wanapiga 115, m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wazazi, inatafuta gari, kama ambulansi iko mbali anakuja na dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Zamani tulikuwa tunawapokea juu ya baiskeli, tena wamechelewa.

Lakini hapo hapo kwenye wodi yangu yule binti wa ambu, yule niliyeanza naye makala hii, hajaajiriwa. Anajitolea. Anapata hela kidogo ya nauli pale inapopatikana. Kila tangazo la ajira likitoka anaingia kwenye mfumo anaomba, anasubiri, anaomba tena, na shifti za usiku anaingia kama sisi wenye mishahara.

Nilimwambia asante siku ile ile. Asante ya dhati kabisa, mbele ya wenzake, nikaeleza alichokifanya. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Kaka, nashukuru. Asante nimeshaambiwa nyingi. Ninachosubiri ni barua."

Sikuwa na jibu.

Nikaanza kuzipitia upya zile habari zote ninazozisimulia kwa fahari. Usiku wa kanga ya tatu tulikuwa wawili kwa nini? Kwa nini mhudumu wa usafi ndo alikuwa jicho letu la mwisho? Mzee wa jenereta aliyekuwa anatoka kwake na tochi kila umeme ukikatika, akiwa likizo, akiwa mgonjwa, alikuwa halipwi hata senti ya ziada, na sisi tulikuwa tunasema "yule mzee ana moyo". Ana moyo, ndiyo. Na hakuwa na wa kupokezana naye.

Kuna namna ya kushukuru watu ambayo inafanya pengo lisionekane. Mei Mosi anachaguliwa mfanyakazi bora, anapigwa picha, anarudi wodini kukuta glavu zimeisha. Sitaki shukrani zangu ziwe za namna hiyo. Sitaki mtu asome hapa aseme "unaona, wakijituma inawezekana", halafu aache kuuliza kwa nini walilazimika kujituma kiasi hicho.

Kwa hiyo nimefanya ninachoweza kwa nafasi yangu. Yale matukio aliyookoa watoto yule binti nimeyaandika moja moja, tarehe na namba ya rejista, nikampa inchaji, nikampa na mganga mfawidhi, nakala akabaki nayo mwenyewe. Sijui kama itamsaidia kwenye huo mfumo. Angalau siku akiulizwa uzoefu wake hatakuwa na maneno matupu. Na kwenye kikao cha wodi nimesema wanaojitolea wasipangwe usiku peke yao, imekubaliwa, tunaendelea kusukumana kwenye mengine.

Niliowatafuta

Sista nilimpigia. Yuko kwao, analima mpunga na kufuga kuku, sauti ile ile. Nilikuwa nimejiandaa na maneno marefu, sikufika mbali, akanikatiza, "Hayo tumeshayasikia, niambie hilo jengo jipya la wazazi mmehamia au bado?" Nikamwambia tumehamia. Akataka kujua vyoo viko upande gani, maana jengo la zamani akina mama walikuwa wanavuka uwanja kwenye mvua na alipigania jambo hilo mpaka anastaafu. Nikamwambia viko ndani, kila wodi na chake. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Basi vizuri. Sasa ongea unachotaka kuongea."

Nikaongea, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

Kwa mama mhudumu nilienda mwenyewe, si mbali. Nilimbebea sukari, sabuni na doti ya kanga. Nikamsimulia ule utafiti wa mfuko wa plastiki, hospitali 80, nchi nne, jinsi walivyogundua kwamba damu lazima ipimwe isikisiwe kwa macho. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani walikuwa hawajui?"

Halafu akaniambia nikae, akaanza kunieleza habari za mwenzake waliyekuwa wanafua naye, ambaye mi namkumbuka kwa mbali sana, alifariki zamani. Kumbe yeye ndo aliyemfundisha kupima kanga kwa mkono. Walikuwa wanafua kwa mikono kabla ya mashine haijaletwa, na yule mama alikuwa anaweza kusema kwa uzito wa furushi tu kwamba jana usiku leba kulikuwa na shida, kabla hajaambiwa na mtu yeyote. "Huyo ndo wa kumshukuru," akasema. "Mi nilichukua kwake." Huyo marehemu ana watoto wawili pale mjini, mmoja ana genge la nyanya karibu na stendi. Nimeshaenda kumwambia habari za mama yake. Hakuwa anajua.

Aliyebaki ni yule wa 2017. Namba yake ya zamani inatumiwa na mtu mwingine. Nimeulizia kwao nikaambiwa alihama, wengine wanasema yuko Geita anafanya biashara ya mashine za kusaga, wengine wanasema Kahama. Kama unasoma hapa na unamfahamu, aliyekuwa nesi, mrefu, anaongea taratibu, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, mwambie natamani tuonane na sina swali lolote kuhusu cheti. Mwambie kuna vijana watatu kwenye wodi ya watoto wanaoweka kanula kwa kufumba macho, na wananiuliza nani alianzisha. Namba yangu ni ile ile.